Arejeaye na Waliomshikia Nafasi

Swali ninalokusudia kulitazama ni la kale, na wanazuoni wa dini na wa hekima wamelirudia katika kila zama: uwezo wa mtu u wapi? U ndani ya mwili na akili yake peke yake, hata akiondoka huondoka nao wote na akirudi hurudi nao wote, au sehemu yake imewekwa amana kwa watu anaoshirikiana nao, wakaitunza katika kughibu kwake na kumrudishia siku ajapo? Aghalabu swali hili huulizwa juu ya wafalme, mashekhe na wakuu wa majumba. Mimi nataka kuliuliza juu ya kijana mmoja mcheza mpira wa kikapu, kwa kuwa kiwanja cha mchezo huo ni kidogo, watu wake ni watano tu kila upande, na yale ambayo katika mji mzima hufichwa na wingi wa watu, hapo huonekana peupe.

Kijana huyo ni Jamal Murray, mzaliwa wa Kitchener katika jimbo la Ontario, Kanada, mchezeshaji wa timu ya Denver Nuggets katika ligi kuu ya Marekani. Mchezeshaji, ambaye vijana wetu humwita pointi gadi, ndiye aupandishaye mpira kutoka nyuma, ndiye aamuaye kama shambulio liende mbio au litulizwe, na ndiye ambaye macho ya wenzake wanne humwelekea kabla hawajajua miguu yao iende wapi. Tarehe 12 Aprili 2021, mjini San Francisco, mchezo baina ya timu yake na Golden State Warriors ukiwa umesaliwa na muda usiotimia dakika moja, Murray alimwendea mlinzi wake ili afike kikapuni, akakita mguu wa kushoto, na goti likakataa. Alianguka akilishika kwa mikono miwili. Kano ya mbele ya goti ilikuwa imekatika.

Kano hiyo ni utepe mfupi ulio katikati ya goti, na kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Ikikatika kabisa haiungi yenyewe kama uungavyo mfupa uliovunjika. Tabibu hulazimika kutwaa kipande cha ukano mwingine, mara nyingi wa mgonjwa mwenyewe, akakipitisha katika matundu aliyotoboa mifupani na kukikaza. Kisha hufuata jambo ambalo kila nikilifikiri hunitia taadhima mbele ya kudura za Muumba: kipande kile kikisha kuwekwa hudhoofika kwanza, chembe zake zikafa, nguvu zake zikapungua, tena katika majuma yale yale ambamo mgonjwa hujiona anapata nafuu, ndipo kidogo kidogo mishipa ya damu ikaingia, chembe mpya zikaja kufanya maskani, na kilichokuwa kiraka kikageuka kiungo. Hapana fedha wala ghadhabu iwezayo kuiharakisha kazi hiyo. Huchukua miezi tisa, mwaka, na kwa wengine zaidi.

Kocha wake wa wakati ule, Michael Malone, amesimulia hadharani kwamba usiku ule, ndani ya basi, alimkuta Murray ana machozi machoni, na swali la kwanza alilomwuliza halikuhusu maumivu wala muda wa kupona. Alitaka kujua kama sasa klabu itamtoa kwa timu nyingine, maadamu yeye amekwisha kuwa bidhaa iliyoharibika. Msomaji asiyeijua ligi ile na ajue kuwa hofu hiyo haikuwa ndoto ya mgonjwa: huko mchezaji mwenye mkataba huweza kuamka asubuhi akaambiwa kuwa jana usiku amebadilishwa na mtu wa mji mwingine, au na haki ya kumchagua kijana ambaye hata shule hajamaliza, na hana budi kufunga virago. Malone akamkumbatia, akamwambia hasha, wewe u wetu, twakupenda, nasi tutakusaidia urudi.

Nimelifikiri swali la kijana yule kuliko nilivyolifikiri jawabu lake. Katika saa ambayo mwili wake ulimwuma, fikira zake zilikwenda katika soko. Na kwa nini zisiende? Tangu utoto alikuwa amelelewa kuufanya mwili wake chombo: baba yake, Roger, alimzoeza kunyamaza na kutafakari, kuvumilia baridi ya theluji, kuitawala pumzi yake kabla ya kutawala mpira. Malezi hayo yalimpa nguvu kubwa ya moyo. Lakini mtu aliyefunzwa kuwa bwana wa mwili wake hupatwa na fadhaa ya namna ya pekee siku mwili huo unapomwasi, kwa sababu huona kwamba aliyeshindwa si goti bali ni nafsi. Hapo ndipo mafundisho ya dini juu ya amana yanapotufaa. Tumefunzwa kuwa mwili si milki ya aliyeuvaa. Ni kitu alichokabidhiwa akitunze mpaka mwenyewe atakapokitaka. Mwenye kukabidhiwa hana lawama ya kilichoharibika pasipo uzembe wake, wala thamani yake haipimwi kwa uzima wa kitu cha mwingine. Lau mtu angeliweza kuliamini jambo hili hata ndani ya basi lile, swali la bidhaa lisingelimtoka kinywani. Lakini sisi sote ni wa kulisema jambo hilo kwa ulimi siku ya afya na kulisahau siku ya maradhi, na simlaumu.

Timu iliyobaki nyuma haikuwa ya wanyonge. Ilikuwa na Nikola Jokić, Mserbia wa mji wa Sombor, ambaye mwaka 2014 alichaguliwa wa 41 katika mgawo wa vijana wapya pasipo watu kumtazamia makubwa, na ambaye katika msimu wa 2021–22, bila Murray, na karibu msimu mzima bila Michael Porter aliyekuwa amepasuliwa mgongo, alitenda jambo ambalo hakuna aliyepata kulitenda kabla yake: pointi zaidi ya 2,000, ribaundi zaidi ya 1,000 na pasi za kufungisha zaidi ya 500 katika msimu mmoja. Alitunukiwa heshima ya mchezaji bora wa ligi kwa mara ya pili mfululizo. Timu ilishinda michezo 48, ikapoteza 34, ikaingia katika mchujo, na humo ikatolewa mwanzoni kabisa na Golden State kwa michezo minne kwa mmoja.

Msimu huo ulipokaribia mwisho wake kulikuwa na tamaa kubwa kwamba Murray angerudi. Alikuwa amekwisha kuanza mazoezi. Goti lilikuwa limekaribia kutimiza mwaka tangu kupasuliwa. Walakini mwenyewe hakuona kuwa nafsi yake imekuwa tayari, na klabu haikumlazimisha, ingawa ilijua kuwa bila yeye safari yake ingekuwa fupi. Subira ya mgonjwa husifiwa na kila mtu, lakini ya wenzake wanaoendelea kufungwa huku wakimwona amekaa benchini katika nguo nzuri, anatembea, anacheka, anashangilia, haisemwi sana, nami naona ndiyo ngumu zaidi. Mgonjwa hupambana na maumivu yake; mwenzake hupambana na dhana mbaya juu ya mtu ampendaye. Derrick Rose wa Chicago, aliyekatika kano kama hiyo tarehe 28 Aprili 2012, hakupata subira ya namna hiyo kutoka kwa mji wake: alipokaa nje msimu mzima uliofuata, ilhali matabibu walikwisha kumruhusu, maneno mengi ya kumdunga yalisemwa, naye alikuwa mtoto wa mji huo huo.

Murray alirudi katika mchezo rasmi tarehe 19 Oktoba 2022, huko Utah, na timu yake ikafungwa pointi 123 kwa 102. Basi atakayetaka kisa cha shujaa anayeingia mlangoni na ushindi ukamfuata nyuma, hapa hatakipata. Kurejea kulichukua miezi. Siku nyingine alikuwa yule wa zamani, siku nyingine alipumzishwa, na wenzake walijifunza upya kumsubiri katika sehemu za kiwanja ambazo kwa mwaka mzima na zaidi walizoea kupita bila kumtazamia mtu.

Matokeo yake ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Katika msimu wa kurejea kwa Murray, wastani wa pointi za Jokić ulishuka kutoka 27.1 kwa mchezo hadi 24.5. Ribaundi zake zilishuka pia. Kilichopanda ni pasi za kufungisha, kutoka 7.9 hadi 9.8, na usahihi wa kutupa kwake, kutoka asilimia 58 hadi 63. Timu ilishinda michezo 53, na mwezi Juni 2023 ikatwaa ubingwa wake wa kwanza tangu ilipoingia katika ligi hiyo mwaka 1976. Mwaka ambao mtu mmoja alitenda mengi kuliko binadamu yeyote kabla yake ulikuwa mwaka wa kutolewa mapema. Na mwaka aliotenda machache zaidi kwa mkono wake ulikuwa mwaka wa taji. Naomba msomaji asiipite hesabu hii upesi.

Na tutazame kwa karibu namna inavyokuwa. Jokić hutoka karibu na kikapu akaja kusimama ubavuni mwa mlinzi amkabaye Murray, imara kama ukuta wa mawe. Murray hupita akikwaruza bega la mwenziwe. Mlinzi wake hujigonga na mwili ule mkubwa, akachelewa hatua moja, na sasa mlinzi wa Jokić hana budi kuchagua: akimfuata Murray, Jokić yu wazi. Akirudi kwa Jokić, Murray huruka pale pale akatupa. Ukija msaada kutoka pembeni, aliyeachwa pembeni amepata nafasi yake. Na Aaron Gordon, mtu wa mabavu aliyeletwa kutoka Orlando mwezi Machi 2021, majuma machache kabla ya ajali ile, hupenya nyuma ya walinzi kando ya mstari wa mwisho, mpira ukamkuta hewani, akautia kikapuni kwa danki ya mikono miwili. Haya yote hupita katika pumzi mbili.

Gordon huyo alikuwapo katika mwaka wa kughibu kwa Murray, mabavu yake yale yale, mbio zake zile zile. Lakini katika mwaka ule alitakiwa mara kwa mara ajiundie nafasi mwenyewe, atupe kutoka mbali, abebe sehemu ya mzigo ambao hakuumbiwa. Aliporudi mchezeshaji hakumpa Gordon nguvu mpya hata chembe. Alimwondolea kazi isiyokuwa yake, na Gordon akawa Gordon. Hali kadhalika Jokić, ambaye kwa tabia yake hupenda kutoa kuliko kufunga, alirejeshewa ruhusa ya kutoa. Watu husema kwamba kiongozi anaporudi huwatia wenzake moyo. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ndogo ya kweli. Moyo walikuwa nao. Walichokikosa ni kadiri yao: kila mmoja alikuwa amenyoshwa kupita kipimo chake ili kuziba pengo, na aliyenyoshwa kupita kipimo chake, hata akitenda maajabu, huwa si yeye kamili.

Ibn Khaldun, yule qadhi na mwanahistoria aliyefariki mwaka 1406, aliianza hoja yake juu ya umbile la jamii kwa kuonyesha kuwa mtu mmoja hawezi kujitosheleza hata chakula cha siku moja, kwa maana ngano yataka kusagwa, kukandwa na kuokwa, na kila moja ya kazi hizo yataka vyombo ambavyo ni kazi za mikono mingine. Fikira hiyo huchukuliwa na wengi kuwa ni habari ya upungufu: tunahitajiana kwa sababu tu dhaifu. Mimi naona kiwanja kile kidogo kinatuonyesha jambo la pili lililo juu ya hilo. Hata asiye dhaifu, hata huyu aliyepewa vipawa kumpita kila mmoja wa zama zake, uwezo wake wote hauko mikononi mwake. Sehemu ya uwezo wa Jokić ilikuwa katika goti la Murray. Lilipokatika, kitu cha Jokić kilikatika pia, wala hapana tabibu aliyeweza kukiona katika picha za mionzi.

Tarehe 7 Juni 2023, huko Miami, katika mchezo wa tatu wa fainali, Jokić alipata pointi 32, ribaundi 21 na pasi za kufungisha 10. Murray alipata pointi 34, ribaundi 10 na pasi za kufungisha 10. Kabla ya hapo haikuwa imepata kutokea katika historia ya ligi ile wachezaji wawili wa timu moja wakafika kiasi hicho katika mchezo mmoja. Sisi wa Afrika Mashariki tuliokesha mpaka alfajiri kuutazama mchezo ule tulishindwa kusema ni nani aliyekuwa akimtumikia mwenziwe.

Sasa nifike pale ambapo moyo wangu hautulii. Katika mwaka wa pengo, nafasi ya Murray ilishikwa na Monte Morris, mchezeshaji mpole, mwangalifu mno wa mpira, ambaye kabla ya hapo alikuwa wa akiba. Alianza karibu kila mchezo. Mwezi Februari 2022, katika uwanja wa Golden State, mle mle alimoumia Murray, timu ikiwa nyuma na saa ikiwa inaisha, Jokić alimtupia mpira, naye akautupa kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu. Ukaingia, wakashinda 117 kwa 116, na wenzake wakamrukia. Majira ya joto yaliyofuata, Murray alipokuwa karibu kurudi, Morris alibadilishwa, yeye na Will Barton, wakapelekwa Washington. Na Kentavious Caldwell-Pope aliyekuja badala yao akawa mlinzi hodari wa timu ya ubingwa. Kwa hesabu ya mpira mabadilishano yale yalikuwa ya busara kabisa. Walakini klabu ile ile iliyomwambia mmoja kuwa wewe u wetu, ilimtoa mwingine aliyewashikia nyumba.

Katika sira kuna kisa ambacho nakileta kwa ajili ya adabu iliyomo, na hasha sikusudii kulinganisha mahali patakatifu na mahali pa mchezo. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikwenda kusuluhisha ugomvi baina ya Bani Amr bin Auf. Wakati wa sala ukaingia hajarudi, na Abubakar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, akatangulizwa kusalisha. Sala ikiwa imeanza, Mtume akafika. Watu wakapiga makofi ili kumwarifu Abubakar, naye akageuka akamwona. Mtume akamwashiria abaki pale pale alipo. Abubakar akainua mikono yake akamshukuru Mungu, kisha akarudi nyuma mpaka akawa sawa na safu, na Mtume akasonga mbele akasalisha. Wanazuoni wametoa hukumu nyingi za fiqhi katika kisa hiki. Kinachonishika mimi ni kwamba aliyerudi, ambaye haki ya nafasi ile ilikuwa yake bila shaka yoyote, alianza kwa kumwashiria naibu asiondoke. Naibu akarudi nyuma kwa hiari yake, na aliporudi hakutolewa msikitini. Alisimama katika safu. Sala haikukatika, wala rakaa haikuhesabiwa kuwa ya huyu au ya yule.

Insafu ya kurejea, kwa maoni yangu, imo katika ishara ile. Arejeaye asipoifanya, hata kama nafasi ni yake, huwaonyesha wote waliosalia kuwa siku zao za kubeba mzigo zilikuwa za kibarua. Na wenzake hujua. Kila mchezaji wa akiba humtazama anayerudi kwa jicho la furaha na jicho la hofu, na katika kutazama huko hamna husuda. Mna swali lile lile la ndani ya basi, safari hii likiulizwa na mtu mwenye magoti mazima.

Huenda msomaji akanijibu kuwa ahadi ya Malone ilithibitishwa na taji, na kwamba kusingalikuwa na taji pasingalikuwa na la kusema. Siikubali hoja hiyo. Malone aliposema, ghaibu ilikuwa imefungwa mbele yake kama ilivyofungwa mbele yetu sote. Hakujua kama kano itashika. Rose alirudi mwaka 2013, na tarehe 22 Novemba ya mwaka huo, huko Portland, goti lake la pili likaharibika. Ikiwa thamani ya neno la kumpokea mgonjwa hutegemea matokeo ya kupona kwake, basi waliomwambia Rose maneno mema walisema uongo, na waliomdunga walisema kweli, jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu atakayelikubali. Miaka mingi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2018, akiwa Minnesota, amepita timu kadhaa, Rose alifunga pointi 50 katika usiku mmoja, akalia mbele ya watu, na wenzake wakamzingira wakimkumbatia. Hawakuwa wamemtazamia hayo. Walikuwa wamekwisha kumpokea kabla.

Malone mwenyewe aliachishwa kazi mwezi Aprili 2025, ikiwa imesalia michezo mitatu tu msimu wa kawaida umalizike, chini ya miaka miwili tangu siku ya ubingwa. Neno aliloahidi ndani ya basi alilisema kwa niaba ya nyumba isiyokuwa yake, na nyumba hiyo haikulisema juu yake. Hata hivyo, kwa kadiri ya mamlaka aliyokuwa nayo, alilitimiza: Murray alisubiriwa, akarudi, na baada ya kocha wake kuondoka yeye akabaki Denver. Monte Morris hakubakishwa. Na mimi, kila nihesabupo watu wa ubingwa wa 2023, humtia hesabuni.